Kabla ya kushuka mlima na watoto, kaza kamba za viatu upya
Wenye mpango wa kupeleka watoto Sipi, kule kwenye maporomoko ya maji ya Mlima Elgon Uganda, likizo hii ya Desemba, hii msiiache: kabla ya kuanza kushuka simamisheni watoto wote mkaze kamba za viatu upya. Mtoto akae, agonge kisigino chini mara mbili tatu mpaka kirudi nyuma kabisa ndani ya kiatu, halafu zile kamba za juu karibu na kifundo ndo unakaza vizuri, za mbele juu ya vidole acha zilegee kidogo. Kupanda si shida sana, shida ni kushuka maana mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ncha ya kiatu kila hatua, na kufika chini ya yale maporomoko makubwa ya karibu mita 100 njia inashuka kweli kweli, mtoto vidole vikimuuma utambeba mgongoni kwenye tope. Kucha zikatwe jana yake pia. Kiatu kikiwa kinabana haisaidii kitu, na gambuti hazina kamba, hizo mvalishe soksi mbili nzito. Usikaze mpaka mguu ufe ganzi, kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya kamba.