Somo: Maji kazini kwa sisi wa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili, cha kusukuma mizigo)

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ubaridi wake ndio unaotudanganya. Ukiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi na mashu (kabichi), upepo unakausha jasho kabla hujaliona. Unafika soko la Virunga shati kavu, lakini kichwa kinagonga. Nilisukuma hivyo miaka mingi nikisema ni uchovu tu.

1. Kunywa vikombe viwili alfajiri, kabla ya kugusa chukudu.

2. Njiani usingoje kiu, huwa inachelewa. Kazi ikiwa nzito, kikombe kimoja (mililita 250 hivi) kila dakika 15 hadi 20. Kibidoni kifunge kwenye usukani. Kilicho chini ya magunia hutakinywa. Ila usipite lita 1.5 kwa saa: maji kupita kiasi yanapunguza chumvi ya damu, nayo huangusha mtu.

3. Maji ya Ziwa Kivu yaliyochotwa ufuoni Kituku usiyanywe hivi hivi. Kipindupindu hatuhitaji kusimuliwa, waliokuwa hapa 1994 wanajua. Yachemshe, au tia kidonge cha klorini ungoje nusu saa.

4. Chumvi: ukila bugali na sombe (majani ya muhogo) kama kawaida, inatosha. Siku ya kuhara, au ya jasho lisilokatika, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe juu, visirundike. Usikadirie kwa jicho.

5. Tazama mkojo. Wa njano hafifu, endelea. Wa rangi ya chai, kaa kivulini unywe. Mwenzako akianza kusema ovyo na ngozi yake inaunguza, msimlazimishe kunywa: mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, mkimbizeni hospitali.

MASWALI

— Mkubwa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, si maji pia?

Ya jioni, ndugu, na baada ya maji. Pombe inakukojoza zaidi. Halafu breki yako ni kipande cha mpira chini ya mguu. Huo mguu uwe na akili.

— Papa yangu ana tansio (presha), anywe hayo ya chumvi?

Hapana, mpaka amuulize muuguzi wake. Anywe maji matupu. Na kama amekatazwa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo, afuate kipimo alichopewa.

— Mimi ninabeba mizigo mtaa wa Birere. Ninyi wanaume mnasimama popote. Nikinywa hivyo, nitakojoa wapi?

Mama, nisamehe, hilo ningeanza nalo. Kujinyima maji na kubana mkojo siku nzima kunaleta ugonjwa wa njia ya mkojo. Kunywa vizuri kabla ya kutoka, kisha mafunda madogo kila unapotua mzigo. Na choo, patana na wenzako watano au sita, mlipe mwenye nyumba mmoja wa karibu kwa juma. Peke yako atakukatalia au atakuuzia ghali. Mkiwa kundi atawapa ufunguo.