Somo: Kazi ya takwimu na ruzuku za maktaba kwenye serikali ya jimbo, Marekani

Nikisema nafanya kazi maktaba, watu hudhani nashinda nikipanga vitabu kwenye rafu. Tangu niajiriwe sijamwazimisha mtu hata kitabu kimoja. Mwajiri wangu ni maktaba ya jimbo, ofisi ya serikali kama zilivyo nyingine, na kazi yangu ni mambo mawili: hesabu za maktaba za umma na fedha zinazopelekwa kwao. Wengi wenu wanachama wa kikundi chetu mmeniuliza kazi yenyewe ikoje. Haya ndiyo ningemwonyesha mgeni aliyekaa kiti cha pembeni yangu leo.

Hatua ya 1: Jua fedha inatoka wapi

Fedha ya serikali kuu kwa maktaba ilianza mwaka 1956, kwa sheria iliyowalenga watu wa vijijini. Sheria inayotumika sasa, ya huduma za maktaba na teknolojia, huitwa kwa kifupi LSTA, ya mwaka 1996. Fedha inagawiwa na IMLS, taasisi ya serikali kuu ya makumbusho na maktaba, iliyozaliwa mwaka huohuo. Kila jimbo lina kima cha chini cha mgao, ambacho sheria ya 2018 ilikipandisha kutoka dola 680,000 hadi 1,000,000. Kinachobaki hugawanywa kwa kufuata idadi ya watu.

Sasa shika kalamu. Serikali kuu inabeba asilimia 66, jimbo asilimia 34. Tuseme jimbo limepata 1,650,000. Lenyewe litoe ngapi? Mgeni hupiga asilimia 34 ya 1,650,000, anapata 561,000, anafurahi. Amekosea. Hiyo 1,650,000 ni asilimia 66 ya mradi mzima, kwa hiyo mradi mzima ni 2,500,000, na jimbo linadaiwa 850,000. Tofauti ni dola 289,000, na hiyo haizibwi kwa kuomba radhi.

Mawili mengine yabandike ukutani. Matumizi ya usimamizi yasizidi asilimia 4 ya fedha ya serikali kuu. Na jimbo lisipunguze fedha zake lenyewe chini ya wastani wa miaka mitatu iliyopita, maana likipunguza, mgao wake nao unakatwa.

Hatua ya 2: Hesabu, na simu

Tangu 1988 kuna utafiti wa kila mwaka wa maktaba za umma za nchi nzima, kama 9,000 hivi, zenye majengo yapata 17,000. Kila jimbo lina mratibu wake wa takwimu. Maktaba inajaza saa ilizokuwa wazi, watu walioingia, vitabu vilivyoazimwa, mapato, wafanyakazi, kompyuta na mengineyo. Wewe unakagua kabla hesabu hizo hazijapanda juu, IMLS.

Kukagua ni nini? Unaweka mwaka huu kando ya mwaka jana na kutafuta kilichoruka. Mwaka mmoja maktaba ya mji mdogo, chumba kimoja na mkutubi mmoja, iliandika walioingia maradufu ya mwaka uliotangulia. Vitabu vilivyoazimwa vilikuwa vilevile. Nikapiga simu. Mama yule akaniambia kwa fahari kwamba wamefunga mashine ya kuhesabu watu mlangoni.

"Inahesabu mtu akiingia tu, au hata akitoka?"

Kimya. Kisha: "Subiri." Nikasikia simu ikiwekwa mezani, viatu, mlango ukifunguliwa na kufungwa. Akarudi.

"Mbili."

Tukagawa kwa mbili, na hesabu ikakaa pale ilipokuwa mwaka jana. Kompyuta ingenionyesha kwamba namba imeruka. Kilichoirusha nilikipata kwenye simu. Ndiyo maana sina imani na mtaalamu wa data anayeogopa kupiga simu.

Kingine: sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja. Sifuri maana yake tumehesabu, hakuna. Nafasi tupu ni hatukuhesabu. Usijaze sifuri ili jedwali lipendeze. Kesho mtu atapiga wastani juu ya uongo wako.

Hatua ya 3: Ruzuku

Sehemu ya fedha jimbo huitumia lenyewe, kwa mfano kulipia hifadhidata zinazotumiwa na maktaba zote. Sehemu nyingine huweza kugawiwa maktaba kwa ushindani. Ombi zuri huonyesha shida, namba inayoithibitisha, na jinsi utakavyojua kwamba shida imepungua. Mengi ninayosoma yana huruma tele na namba hakuna.

Mara nyingi maktaba hutumia kwanza, kisha hurudishiwa kwa risiti. Wafahamishe mapema, maana maktaba ndogo haina akiba ya kusubiri miezi. Fedha hizi hazijengi jengo. Na maktaba ikitaka kununua kompyuta za kuingilia intaneti au kulipia intaneti yenyewe, lazima kwanza itimize sheria ya kuchuja picha chafu, CIPA.

Hatua ya 4: Ripoti

Fupi: andika kila mwezi, usingoje mwisho wa mwaka. Risiti ya Oktoba ukiitafuta Septemba inayofuata hutaipata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nakuru): Shikamoo mwalimu. Lazima niwe na shahada ya ukutubi?

Marahaba. Inategemea tangazo. Kuna majimbo yanayotaka shahada ya uzamili ya ukutubi kutoka chuo kilichoidhinishwa na ALA, chama cha maktaba cha Marekani, na kuna yanayotaka mtu wa takwimu au uhasibu tu. Vyeti vya nyumbani vitathminiwe kwanza, na shirika lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, ndilo hukubalika kwa urahisi. Kwenye usaili wa serikali tarajia jopo linalosoma maswali yaleyale kwa kila mtu na kutoa alama. Usiwaone wakavu, ndio utaratibu.

Swali (Columbus, Ohio): Kaka, watoto wetu hapa wanakosa vitabu vya Kiswahili. Naweza kuomba ruzuku?

Wewe binafsi hapana dada, lakini maktaba yako inaweza. Nenda umwone mkutubi wa watoto ukiwa na namba: familia ngapi, watoto wa umri gani. Sheria yenyewe inataja kuwafikia watu wa tamaduni mbalimbali, kwa hiyo hamuombi hisani. Muulize pia mpango wa miaka mitano wa jimbo wa kutumia fedha hizi unasemaje. Ombi lisilogusa mpango huo huanguka mapema.

Swali (Nairobi): Na sisi huku?

Mfumo ni tofauti. Kenya, baada ya Katiba ya 2010, maktaba ziliwekwa kwenye majukumu ya kaunti. Tanzania bado zina bodi ya taifa. Ila mashine ya mlangoni ni ileile.

Swali (Minneapolis): Tulisikia IMLS inafungwa. Kazi hii ina kesho?

Machi 14, 2025 rais alisaini amri ya kuipunguza hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. California, Connecticut na Washington zikaandikiwa kwamba ruzuku zao zimesitishwa, na Mei zikarejeshewa. Majimbo kadhaa pia yalienda mahakamani. Ushauri wangu: kabla hujasaini mkataba, uliza mshahara wa nafasi hiyo unalipwa na fedha ya jimbo au ya serikali kuu. Wataelewa kwa nini unauliza.

Swali (Tanga): Tumefadhiliwa, tunaweza kuchapisha fulana na vikombe vya kugawa?

Kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, hapana. Zawadi na vikumbusho haviruhusiwi. Mfadhili wako ana kanuni zake, zisome kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Swali (Kigoma): Hatuna mashine mlangoni. Tunahesabuje?

Kwa mkono. Chagua wiki ya kawaida, isiwe ya sikukuu wala ya mitihani, weka karatasi mlangoni, piga vijiti, zidisha kwa 52.

Swali (Kigoma tena): Na anayeingia kuomba choo tu?

Ameingia. Mhesabu.