Kumchora Mwanamke Shujaa Ambaye Deraya Yake Inamlinda

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wangu aliyekuwa akichora malkia wa vita wa ulimwengu wa kubuni, na ambaye, bila kukusudia, alikuwa amemvika chuma kisichofunika tumbo wala moyo.

Hatua ya 1: Chagua wa kumwiga. Red Sonja, mwanamke wa kubuni anayepigana kwa upanga, alipotokea katika vibonzo vya Marekani mwaka 1973, alivaa shati la pete za chuma. Mwaka uliofuata mchoraji Mhispania Esteban Maroto alimvika sidiria ya vipande vya chuma, na sura hiyo ndiyo iliyoigwa kwa miaka mingi. Mimi huanza na wapiganaji halisi, hasa Agojie, wanawake wa jeshi la ufalme wa Dahomey, katika Benin ya leo.

Hatua ya 2: Chora mwili na mkao wake. Tumia penseli laini na karatasi, si tableti, kwa sababu mkono hujifunza uzito wa mwili pale ambapo kufuta kuna gharama.

Hatua ya 3: Chora bamba la kifua. Usitenganishe matiti kwa vikombe viwili vya chuma, kwa kuwa bonde lililo katikati huielekeza ncha ya mkuki moja kwa moja kwenye mfupa wa kidari. Chora kuba moja, na uache nafasi ya koti nene la pamba linalovaliwa chini yake. Mgongo mwembamba wa chuma unaoshuka katikati unaruhusiwa, mradi uwe umeinuka, kwani huifanya ncha iteleze kando. Bamba liishie kiunoni, juu ya nyonga: niliwahi kulishusha hadi mapajani, na baada ya usiku mzima wa kazi nikagundua kwamba shujaa wangu asingeweza kuketi juu ya farasi, nikalazimika kuanza upya. Ukihofu kwamba hatatambulika kuwa mwanamke, mtambulishe kwa uso, shingo na mikono. Ikiwa nchi yake ni ya joto, chuma si lazima. Wapanda farasi wa Bornu, ufalme wa zamani karibu na Ziwa Chad, walivaa deraya za pamba iliyoshonwa kwa matabaka, nazo hupendeza sana zikitiwa rangi.

Hatua ya 4: Ongeza mikanda na vifungo vya ubavuni, ili mtazamaji aone jinsi alivyoivaa deraya hiyo, kisha utie vivuli.