Kitanda cha kwanza cha mtoto: anza na godoro

Mimba yangu ya kwanza ilipotimiza miezi minane, nilikuwa nimeshanunua mito midogo mitatu, shuka za kulingana na mapambo ya kuning'iniza. Kitanda bado. Pesa iliyobaki ilitosha kitanda kilichokwisha kutumika, na humo nikakuta godoro laini kama pamba, nikajiona nina bahati. Usiku wa pili nilipomnyanyua mwanangu kumnyonyesha, kichwa chake kilikuwa kimeacha shimo, na shimo lile halikurudi juu. Nililitazama mpaka nikaogopa. Kulipokucha nikalitoa.

Kwa hiyo mjamzito anayeniuliza humwambia hivi: pesa yako ya kwanza iende kwenye godoro. Libonyeze kwa kiganja, katikati na pembeni. Ukiondoa mkono, linyanyuke papo hapo. Likibaki na kishimo, liache, hata kama ni jipya dukani. Shingo ya mtoto mchanga haijakaza. Pua ikizama kwenye kitu laini hawezi kujinasua, na wala hatalia ukamsikia. Kisha liingize kitandani na ulisukume upande mmoja. Upande wa pili vidole viwili vikipita kwa nafasi, godoro hilo si la kitanda hicho. Usizibe pengo kwa nguo wala shuka iliyokunjwa.

Fito za pembeni nazo zipime. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kama huna rula, chukua kopo la kawaida la soda: likipenya, mwili wa mtoto nao unaweza kupenya, kichwa kikabaki kimenasa.

Kitanda kilichokwisha kutumika si kosa, na kwa mfuko mdogo ndicho mara nyingi kinachopatikana. Ila usikubali kukiona kimefungwa kamba kwenye gari. Kiunganishwe mbele yako, ukishike juu kwa mikono miwili, ukitikise kwa nguvu. Hesabu bolti, kagua chaga moja moja. Changu kilikuwa kimepungukiwa bolti moja, aliyeniuzia akaniambia haina neno. Ina neno. Kama kina ubavu wa kushusha na kupandisha, kiache. Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 2011 kwa sababu ubavu huo hulegea na kumbana mtoto. Cha zamani sana chenye rangi inayobanduka nacho kiache, maana rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na ukipiga msasa unazidi kutimua vumbi lake.

Pesa ikikaza kabisa, kumbuka kwamba kitanda cha kwanza si lazima kiwe kikubwa. Finland imekuwa ikiwapa akina mama boksi la vifaa vya mtoto tangu 1938, mwanzoni wenye kipato kidogo, na tangu 1949 wote. Ndani mna godoro dogo, na boksi lenyewe limelaza watoto wengi. Mwanangu wa pili alilala kwenye kikapu cha kuazima, chenye kitako kipana na kigumu. Lakini kikapu hakina maisha: mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, ambayo ni miezi michache tu, hafai tena kulala humo. Ukiwa na uwezo wa kununua mara moja tu, nunua cha fito.

Ile mito mitatu niliitoa. Kitandani hubaki godoro, shuka iliyokazwa, na mtoto aliyelazwa chali. Baridi ikiwepo mvalishe nguo nzito badala ya blanketi. Kitanda kikae chumbani mwako, angalau miezi sita ya mwanzo.

Wiki ya kwanza ikiisha, kaza bolti zote upya, halafu kila mwezi. Bisibisi na spana yangu hukaa kwenye droo ya nepi.