Kamati ya harusi bila kutupiana mpira

Mdogo wangu wa Tabata kapewa ukatibu wa kamati ya harusi, akaniuliza aanzie wapi. Nimekaa kamati nyingi hapa Dar, nikamwandikia haya.

1. Orodhesha kazi. Ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, picha, usafiri, kadi. Unazijua.

2. Kila kazi iwe na jina moja. Hapa ndipo kamati nyingi zinapofia. Utasikia, "Chakula tuwaachie hawa kina mama watatu." Kataa. Kila mmoja atadhani mwenzake kampigia mpishi, na wiki ya harusi mpishi anauliza advansi yake. Wasaidizi wawe hata kumi, wa kuulizwa awe mmoja. Na asiteuliwe akiwa hayupo: shemeji aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo hajapokea kazi mpaka aseme mwenyewe.

Kisha mwenye kazi mwambieni mambo matatu. Kazi itahesabika imekwisha kwa kuonyesha nini: "nashughulikia ukumbi" haitoshi, ilete risiti ya advansi yenye tarehe ya harusi. Mwisho lini. Na anaruhusiwa kuamua hadi shilingi ngapi bila kurudi kikaoni. Hili la tatu husahaulika mno. Ukimnyima mtu uamuzi wa hata laki moja, halafu ukamlaumu kwa kuchelewa, hapo umemwonea tu. Wazee wakinuna, hilo la mwenyekiti, si lako.

"Tutalifanyia kazi" usiiandike kwenye muhtasari.

3. Kazi, majina na ahadi ziandike kwenye kaunta buku. Grupu la WhatsApp ni la matangazo na vigelegele. Mtu akiahidi jambo usiku, kufika asubuhi limeshafunikwa na video za send-off.

4. Pesa. Michango iingie namba moja. Kila kikao mhazini asome ahadi, taslimu, matumizi na salio. Ahadi usiipangie bajeti.

5. Kila kikao, mwenye kazi aulizwe amefika wapi. Anayesema mapema kuwa amekwama asaidiwe, kazi ibaki kwake. Mkimfokea, kikao kijacho atajibu "inaendelea vizuri", na ukweli mtaukuta mlangoni mwa ukumbi. Mkilazimika kumpa mwingine, kata jina la zamani na uandike jipya hapo hapo, wote wakiona.

6. Kuvunja kamati. Hesabu isomwe na risiti zipite mikononi kabla nyama choma haijafika mezani. Ikishafika, hakuna atakayesikiliza.