Kulainisha mgongo wa kitabu kipya
Kitabu kipya chenye jalada gumu kisimamishe mezani kwa mgongo wake. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Halafu laza kurasa kumi hivi za mbele, kumi za nyuma, ukipitisha kidole taratibu kwenye mkunjo, mpaka mikono ikutane katikati. Ukikipanua katikati kwa nguvu, mkazo wote huangukia sehemu moja ya gundi. Hupasuka, na kurasa huanza kung'oka. Kilichoshonwa kwa uzi hulainika vizuri zaidi. Cha jalada laini, kilichobanwa kwa gundi tupu, kikandamize kidogo tu, hakitalala bapa kabisa. Kikitoka kwenye baridi, kiache kwanza kipate joto la chumba. Kitabu kikuukuu chenye gundi iliyokauka usikifanyie hivi kamwe.