Kutafakari kwa pumzi: dakika 10 za kuanzia

Nilianza kukaa na pumzi yangu miaka 9 iliyopita, nikiwa muuguzi wa zamu za usiku na usingizi umenikimbia. Wanaoanza huwa nawafundisha hivi.

1. Pata pa kukaa. Kiti cha plastiki kinatosha. Nyayo zikanyage sakafu, mgongo usimame bila kuegemea, mikono juu ya mapaja. Tega kengele ya dakika 10, kisha simu ifudikize mbali nawe, ufumbe macho.

2. Legeza mwili. Anza na taya, maana wengi tunauma meno kutwa bila kujua. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, yaachie.

3. Refusha pumzi ya kutoka. Vuta kwa pua ukihesabu sekunde 4, toa taratibu kwa sekunde 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Usilazimishe kifua, acha tumbo liinuke na kushuka. Sasa shika mshipa wa kifundo cha mkono. Ukivuta, mapigo huenda mbio kidogo; ukitoa, hupungua, kwa sababu hapo neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, inautuliza moyo. Vijana ndio hulisikia badiliko hili vizuri zaidi. Aliyelisikia kwa kidole chake mwenyewe sina haja ya kumshawishi. Baada ya dakika 2 acha kuhesabu, pumua kama kawaida.

4. Fuata pumzi puani. Hewa inaingia ya baridi, inatoka na uvuguvugu. Akili itatoroka tu: ada ya shule, maneno ya jana, maharage jikoni. Wengi hukata tamaa hapa, wakasema hawawezi. Kumbe zoezi lenyewe ndilo hilo, kugundua kwamba umetoka, ukarudi. Ukirudi mara 40, umefanya zoezi mara 40. Usijigombeze, sema kimoyomoyo "mawazo", urudi puani. Mazoea hayo ya kurudi ndiyo yanayokupa nafasi ya pumzi moja kabla hujamjibu aliyekuudhi.

5. Kengele ikilia, usikurupuke. Chezesha vidole, fumbua macho, kaa kidogo.

Fanya kila siku, saa ileile. Jipe wiki 8, muda wa kozi ya kutafakari aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu. Mapitio ya majaribio 47 ya kutafakari yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha nafuu ya kiasi kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Nafuu ya kiasi si uponyaji, kwa hiyo dawa zako za presha endelea nazo kama daktari alivyokuandikia.

Na kama kufumba macho kunakurudishia mambo mazito uliyopitia, yafumbue. Tazama sehemu moja sakafuni, sikia nyayo zako zilivyokanyaga. Yakizidi, acha kwa siku hiyo, umwone mshauri nasaha kabla ya kuendelea.